Nilivyoitangaza Rehani ya Kampuni Kwenye Hitima ya Mkwe Wangu

Nnaona haya kuliandika hili, lakini tangu Mkunazini mpaka Chukwani watu washalijua, basi bora mlisikie kwangu kuliko kwa wanaolitia chumvi.

Baba mkwe alikuwa na kampuni ndogo ya kufua mashuka ya mahoteli. Alipofariki, hata hitima haijasomwa, shemeji yangu Haji, kaka mkubwa wa mume wangu, akanijia na maneno ya asali: "Shemeji, tia bangili zako kwenye kampuni, tununue mashine mpya, na wewe uwe na hisa." Bangili zangu za mahari! Nina mmoja ananyonya, mwengine yuko skuli, na akiba yangu ni hizo tu. Mtu akiisifu dhahabu yangu, mimi nashuku. Nikajitanda buibui, nikenda mpaka ofisi ya usajili wa makampuni, nikalipia, nikapewa karatasi, na hapo nikaona: mashine zote zimewekwa rehani kwa mkopo, na pale pa kuandikwa kuwa rehani imefutwa, patupu. Nikasema, aha, mwizi huyu Haji!

Ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi).

Siku ya hitima wanaume wako barazani, sisi wanawake ndani, Haji akashika kipaza sauti kama ilivyo ada: "Jamani, anayemdai marehemu aje kwetu sisi wanawe." Basi mimi, mtoto begani, nikasogea dirishani: "Deni nnalijua mimi! Umeiweka kampuni rehani, sasa unataka uzile na bangili zangu!" Na Haji kasimama na kipaza sauti chini ya dirisha lile lile, kikayabeba yote mpaka kwa wauza kahawa.

Hata pilau ikaachwa kuliwa.

Aliyejibu ni mama mkwe, amekaa eda nyuma yangu, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mkopo ule aliuchukua marehemu, Haji bado anasoma. Na tuliulipa kwa kidani changu." Akajigusa shingo. "Waliotukopesha wakatupa barua kuwa hatudaiwi, tukasoma dua, tukala halua, tukaona yamekwisha."

Barua ile hakuna aliyeipeleka kwa msajili. Na kwa msajili, hata ulipe mara ngapi, rehani inasomeka ingali hai mpaka upeleke ushahidi ifutwe. Mimi nikaona patupu, nikasoma wizi.

"Haya, Bi Wakili," wifi yangu akanambia, "umeshamfukua marehemu, sasa nani atamzika tena?"

Nikapiga magoti kwa mama mkwe mpaka kanga ikalowa machozi. Akasema, "Nshakusamehe. Kanyonyeshe."

Kesho yake mume wangu, kanuna, akaiokota ile karatasi aitupe, akaigeuza. Nyuma kuna rehani nyengine, ya juzi juzi, aliyeiombea mkopo ni Haji. Hasira hazikunipa nafasi ya kugeuza karatasi! Imelipwa? Haijalipwa? Sijui, na uso wa kuuliza sina, maana nikifungua mdomo watasema, yule wa dirishani kaanza tena. Tena mume wangu ananiangalia, sijui kama ananiogopa mimi au anamwogopa kaka yake.

Nimeapa: shaka yangu nitaipeleka kwa mwenyewe, faragha, kabla haijanipanda kichwani. Nitakwenda kumuuliza Haji taratibu, shemeji kwa shemeji, akinitukana nitavumilia. Lakini mpaka anijibu, anayezitaka bangili hizi aje na msumeno.