Mfereji wa Zizi la Kukamulia

Baba yangu alikamua ng'ombe miaka thelathini na mmoja kwenye shamba la kilimani, mpaka mwenye shamba alipofariki na ng'ombe wakauzwa. Mabanda yakabaki matupu, popo wakahamia, hadi kamati ilipoamua kuyageuza kituo cha sanaa. Ghala likawa ukumbi wa maigizo, zizi la kukamulia wakapewa wafinyanzi. Mama, ambaye maisha yake yote amefinyanga uani kwetu huku kuku wakimkanyagia udongo, alifurahi kupita kiasi.

Baba akachukuliwa kibarua kwa kuwa anayajua majengo yale. Kujua kwenyewe hakukumsaidia kitu.

Zizi lile lilikuwa na mfereji katikati, upana wa koleo, na sakafu imeuinamia pande zote mbili. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuzoa samadi hata siku moja, aliutazama akakunja pua.

"Zibeni huu. Watu watavunjika miguu."

"Huo hauzibwi, mwalimu," baba akasema. "Maji ya kilima chote yanapita hapo."

"Mzee wangu, ng'ombe hawapo tena!"

"Ng'ombe hawapo. Kilima kipo."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kisha akaagiza saruji.

Baba alibisha siku tatu. Ya nne akaambiwa kama hataki, mafundi wako wengi. Sasa baba ana ugonjwa wake: hawezi kuvumilia mtu alipue kazi ndani ya zizi lake. Akashika mwiko, akauziba mwenyewe, akasawazisha hadi ukipitisha kidole huoni palipoungwa. Nyumbani hakusema neno. Mimi nilijua kwa sababu ndimi niliyempelekea chakula, nami nikafyata mkia. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Mama hakuwahi kuingia zizini enzi za ng'ombe. Alikuta sakafu safi, akapanga vyungu vyake hamsini na viwili, vibichi, vikauke kivulini ndipo vichomwe kwa ajili ya siku ya ufunguzi. Kazi ya miezi miwili.

Jumanne mchana ikanyesha. Wala haikuwa mvua ya kutisha. Maji yakaingia kwa mlango wa juu, yakatafuta njia yao ya siku zote, yakaikosa, yakatuama. Chungu kibichi kikilowa hakivunjiki. Kinakaa chini polepole, kinarudi kuwa udongo.

Tulimkuta mama amepiga magoti, anazoa tope kwa mikono anatia kwenye ndoo. Mwenyekiti alisimama mlangoni na mwavuli wake.

"Kazi ya Mungu haina makosa," akasema. Nilitamani nimnyang'anye ule mwavuli nimchape nao.

Mama hakumtazama. "Zamani maji haya yalikuwa yanapita wapi?"

Baba akamwonyesha kwa mguu.

"Nani aliziba?"

Mwenyekiti akaanza kukohoa.

"Mimi," baba akasema.

"Na ulijua?"

"Nilijua, mama watoto."

Mama akaendelea kuzoa. Baba akatoka, akarudi na mtalimbo, akaanza kuivunja ile saruji huku mwenyekiti akimuuliza ana kibali cha nani. Alipiga mpaka shati likamganda mgongoni, ikang'oka vipande vya ukubwa wa kiganja tu. Alikuwa ameziba vizuri mno.