Juisi ya vitamini, mapera ya kibanjani na sisimizi wa kaburini

Wakuu, salaam kutoka Bukoba. Leo mvua imenifungia ndani, nimeona nitue huu mzigo. Atakayesema ni chai, kwamba nimetunga, sawa, ila mimi nilikuwepo na bado naogopa.

Naishi Rwamishenye, nina kiduka cha madaftari na kalamu. Baba yangu, tunamwita Taata, yuko nyumbani Muleba na dada yake, Shangazi Koku.

Mwaka jana Taata alianza kukonda. Shangazi akamuuliza mhudumu wa afya wa kijijini, akaambiwa mzee apewe matunda.

Sasa wakuu, sisi Wahaya mnatujua. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kina mapera na mapapai hadi yanaozea chini ya migomba. Lakini kwetu pera ni la watoto na ndege. Umbebee mzee mzima mapera, tena ya kwake mwenyewe? Ataona umemdharau. Mgonjwa wa heshima anapelekewa boksi.

Basi kila Jumamosi nikawa nabeba maboksi ya juisi ya embe. Ubavuni imeandikwa: imeongezwa vitamini A, vitamini C na madini ya chuma. Nikajisemea, pera litaniambia nini mbele ya hii? Hili ni tunda lililosoma!

Taata aliipenda mno. Akawa anakunywa juisi badala ya maji, na bado kiu haikatiki.

Jumamosi moja nimefika saa sita mchana, nikakuta mstari wa sisimizi umeanzia ukutani mwa nyumba, ukapita katikati ya migomba, ukaishia kwenye kaburi la Baba Mkubwa, kaka yake Taata. (Kwetu tunazika kibanjani, kwa wasiojua.)

Pale pembeni ya kaburi walikuwa wamejaa hadi udongo unaonekana unatembea. Hakuna chakula, hakuna mfupa, hakuna kitu.

Shangazi akaninong'oneza, "Waitu, wanakuja kila siku. Hata kaka kabla hajafa, walikuja hivi hivi."

Taata alikuwa amekaa hapo hapo kwenye saruji ya kaburi, midomo imepasuka, anatabasamu.

"Mwanangu, kaka anasema ana kiu," akaniambia. "Ananiuliza mbona nachelewa."

Nilitaka kukimbia nimwache baba yangu pale, huo ndio ukweli.

Tulipaswa kumpeleka hospitali siku ile ile. Badala yake tukaita wazee wa kanisa waje waombe. Walikuja kwa upendo kabisa, na kila mmoja alikuja na boksi lake.

Kesho yake Taata akaniita kwa jina la marehemu. Ndipo tukatafuta gari.

Hospitali wakamtoboa kidole, kile kipimo hakikutoa namba. Kikaandika HI. Nikadhani kinatusalimia. Nesi akasema ni kifupi cha 'high', maana yake sukari imepita uwezo wa mashine kusoma.

Akauliza anakunywa nini. Nikataja juisi kwa fahari, na vitamini zake zote.

Akaandika kwenye faili, kisha akauliza, "Na anapokojoa, sisimizi hawaji?"

Wakuu, hakuna aliyekuwa amemwambia habari za sisimizi.

Kumbe mkojo ulikuwa unambana akiwa pale kaburini, hafiki chooni, na ulikuwa umejaa sukari. Kuchanganyikiwa kule pia kulitokana na sukari na kuishiwa maji.

Nesi hakuikana lebo. Vitamini zimo kweli. Lakini pera zima lina vitamini C ya kutosha, na lina nyuzinyuzi. Unatafuna, unashiba na moja au mawili, sukari inaingia taratibu. Kwenye juisi nyuzinyuzi nyingi zimechujwa, na ile yangu ilikuwa imeongezwa sukari. Nilikuja kusoma ile orodha ndogo: maji, halafu sukari, ndipo embe. Boksi zima linashuka bila jino kufanya kazi. Na hata pera kwa mgonjwa wa sukari lina kipimo chake, siyo kikapu.

Taata amepata nafuu, ila jicho moja halioni vizuri tena. Siku hizi anatumia dawa, anakula pera na ganda lake, na sisimizi hawaonekani.

Funzo: soma orodha ya viambato, usiishie kwenye herufi kubwa za mbele. Na mzee akikonda huku ana kiu, apimwe kwanza, maombi yafuate.

Lakini kuna kitu kinaninyima raha. Juzi Taata aliniuliza taratibu, "Kaka alipougua, nani alikuwa anampelekea juisi?"

Nilikuwa mimi, wakuu. Nilimjibu sikumbuki.

Wenye busara karibuni mchangie. Wewe ungemjibu nini?