Shangazi wa Darasa la Hisabati

Chuo kizima cha ualimu kilimwita Shangazi, maana aliwazidi wote umri, hata mkufunzi wake. Alikuwa na tabia ya kuufuta ubao uliokwisha kufutwa, na mistari yake ilinyooka bila rula. Kabla ya chuo, mikono ile ilikuwa imekata vitambaa vya kushona miaka mingi. Siku ya kupimwa alipelekwa kufundisha hisabati kwenye sekondari ya jirani, na mkufunzi akakaa nyuma na fomu ya alama. Katikati ya mlinganyo, msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapo umekosea." Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi akainamisha kichwa. Alijua Shangazi akifeli leo, atarudia mwaka mzima.

Shangazi akautazama ubao, naye akacheka. "Kweli, mwanangu. Kuteleza si kuanguka. Njoo urekebishe." Akampa chaki, akaenda kukaa kwenye dawati la yule msichana, magoti yakigonga mbao. "Mwalimu," akauliza, "kwa nini hasi ikivuka alama ya usawa inageuka chanya?" Msichana akaeleza, akakwama. Mikono ikainuka huku na huku, kila mtu ana jibu lake. Mkufunzi alipogutuka, mkono wake pia ulikuwa juu.