Mdogo Wangu wa Spånga

Mwezi uliopita kampuni yangu ilipata kazi ya kusafisha ngazi za majengo matatu kule Spånga, na moja kati ya hayo ndilo nililokaa zamani, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Nasema kampuni yangu na sioni haya. Nilifika nchi hii na mfuko mmoja na viatu vya mtu mwingine, shule niliiacha darasa la nne, na leo magari yenye jina langu ubavuni yanazunguka Stockholm nzima. Wafanyakazi wangeweza kwenda peke yao. Nilikwenda nao, nikawaambia nataka kukagua sakafu. Uongo mtupu. Nilisimama mbele ya ule mlango kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na kutoka ndani ikaja harufu ya kahawa na mikate ya iliki. Haikuwa harufu yetu.

Yetu ilikuwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kila Jumamosi, rafiki yangu, sombe na ndagala wakavu waliosafiri kutoka Uvira ndani ya mabegi ya watu, wakafika wamepondeka kidogo lakini wananukia ziwa. Mwaka wa kwanza jirani wa juu, bibi wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe, alikuwa akifunga madirisha kwa kishindo. Mwaka wa pili akashuka na sahani yake. Aliyempakulia hakuwa mimi, maana mimi hata chai huunguza. Alikuwa Muuguzi.

Nitamwita Muuguzi kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya, katika hospitali kubwa ya Flemingsberg. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mimi thelathini na minane. Tulikutana kanisani tukipanga viti, yeye anavibeba vinne kwa mpigo na bado anaimba, sauti nzuri kwenye kwaya na mbovu kabisa jikoni. Alikuwa mpenzi wangu. Neno hilo nimeliandika sasa hivi, likanichukua muda mrefu kuliko barua yoyote ya biashara.

Na barua nazo zilikuwa zake. Zikija za ofisi za serikali, nilizirundika juu ya friji mpaka arudi zamu. Angevua viatu, akaketi, akazisoma kwa sauti, kwanza kwa Kiswidi, halafu kwa Kiswahili cha kwao. "Hawakutishi, bwana. Wanakukumbusha tu." Fomu za kuandikisha kampuni alizijaza yeye, kwenye meza ileile tuliyolia bugali. Watu hawalijui hilo. Nikihojiwa husema nilifanya yote kwa mikono hii miwili.

Ndani ya nyumba, basi, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Nje nilikuwa mimi. Watu walipouliza huyu ni nani, nilisema: mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Kwetu Kongo mtoto wa mama mdogo ni ndugu kamili, hakuna atakayeuliza zaidi. Naye mbele za watu akaniita yaya, kama kila mdogo anavyomwita mkubwa wake. Mwanzoni tulicheka sana. Baadaye mimi nikaacha kucheka, nikaanza kuupenda ule ukubwa.

Lazima nikueleze kwa nini. Mimi ni kitinda mimba. Nina kaka sita. Utotoni, kabla ya chakula, mimi ndiye niliyeshika birika na beseni, nikawanawisha wote mmoja mmoja, baba kwanza, na nilipofika mwisho wa mstari nyama ilikuwa imeshaondoka. Nililia siku moja, bibi akanipangusa pua akasema, "Kula mfupa kwa heshima, mjukuu wangu, meno utayakuta." Meno niliyakuta. Lakini mdogo sikuwahi kuwa naye mpaka Spånga. Mtu wa kunipisha kwenye kiti, wa kunipokea koti kanisani watu wakiona! Nililewa.

Sasa, mtu akiwa na mdogo, wakubwa wengine watamkumbusha wajibu wake. Jumapili moja baada ya ibada walikuja kwangu watatu: mzee wa kanisa, mama mchungaji, na mama mmoja wa Södertälje, shangazi ya msichana aliyefanya kazi kiwanda cha dawa. Mimi walishanikatia tamaa. Niliwahi kuoa nyumbani, ndoa ikavunjika, na mtu mwenye kampuni husamehewa mengi. Walimjia mdogo.

"Kijana ana kazi, ana adabu," alianza mzee. "Anazeeka mikononi mwako. Nani wa kumwoza kama si wewe?"

"Binti yetu amemwona kwenye kwaya," shangazi akasema. "Wewe njoo tu ubishe hodi. Mlango tutaufungua."

Mama mchungaji alinusa hewa ya jikoni. "Au unamficha akupikie, yaya? Sombe hii inanukia mke wa mtu!"

Walicheka mpaka shangazi akafuta machozi. Aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi ni mimi.

Muuguzi alikuwa amesikia yote, ukuta ule ulikuwa mwembamba. Akatoka na birika na beseni, kama inavyompasa mdogo, akawanawisha wageni, akanifikia mimi. Akaanza kumimina. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nayakumbuka.

"Yaya," akasema taratibu, mbele yao, "unawajibu nini?"

Neno moja lingetosha. Hapana. Wala nisingehitaji kueleza, maana kwetu mkubwa akikataa amekataa. Lakini mzee wa kanisa alikuwa ametangulia kuninyooshea kidole, akisema, "Wewe ndiye baba yake Ulaya hii." Baba! Mimi, wa mwisho kunawa na wa mwisho kula!

"Mdogo wangu hanipingi," nikasema. "Nyinyi nitajieni tu Jumapili."

Wakapiga makofi. Yeye aliendelea kumimina juu ya mikono yangu, macho yake usoni mwangu, mpaka mama mchungaji akasema, "Imetosha, mwanangu, yatatufikia miguuni."

Walipoondoka aliosha vyombo vyote, hata sufuria.

"Nilidhani utasema hapana tu," akasema. "Sikutaka unitaje kwa jina lingine lolote. Hapana tu."

"Maneno ya wazee hayo. Tutaahirisha mpaka wachoke. Mimi najua kuzungumza na watu."

"Mimi si mfanyakazi wako."

Nami nikamjibu kwa kinywa cha tajiri mpumbavu: "Kwani nyumba hii ni ya nani?"

Akakunja kitambaa cha vyombo mara nne, akakiweka kando ya sinki. "Yako," akasema.

Jumanne alipanda treni mpaka Södertälje, akamwambia yule msichana mwenyewe, ana kwa ana, kwamba yeye hapendi wanawake na kwamba mimi si ndugu yake. Hakusema zaidi. Siku hiyohiyo akachukua nguo zake. Habari ikafika kanisani kabla ya Jumapili, na wale watatu wakarudi kwangu, safari hii kunipa pole.

"Alikudanganya, yaya?" mzee akauliza.

Hapo pia palikuwa na nafasi. Ningeweza kunyamaza, hata kunyamaza kungekuwa heshima kidogo. Nikasema, "Nilimpokea tu kama ndugu. Sikujua." Wakaniombea, mikono juu ya kichwa changu, na kwenye kwaya wakaweka mwimbaji mwingine. Maneno yangu yalimfikia, najua. Stockholm yetu ni ndogo.

Miaka tisa imepita. Masika haya nilikuwa kwenye msiba Södertälje, na aliyeniletea chai ni yule msichana, sasa ni mama wa watoto watatu. Akaketi karibu nami, tukazungumza habari za marehemu, halafu akashusha sauti.

"Yaya, unajua kwamba alikungoja?"

Nikasema sijui.

"Alipanga chumba Flemingsberg. Mimi nilikuwa namtembelea, tulikuwa marafiki mpaka alipohamia kaskazini. Anaishi na mtu wake huko. Lakini mwaka ule alikungoja. Aliniambia, 'Yaya akiweza kumwambia mtu mmoja tu ukweli, hata wewe, narudi.'" Akakoroga chai yangu, ingawa sukari ilishayeyuka. "Nami nilikuwa nakuona kila Jumapili. Nilikuwa nakaa safu ya nyuma yako makusudi."

Nikamwambia hapohapo, katikati ya watu na vikombe: alikuwa mpenzi wangu. Hakuna kiti kilichoanguka, hakuna aliyegeuka. Shangazi yake alikuwa akigawa maandazi.

Akanishika mkono. "Pole, yaya," akasema. "Alingoja mpaka theluji ilipoanguka."