Sindano ya Pancracio na Zabibu za Babu

Asubuhi moja nilimkuta bibi yangu amepiga magoti bafuni, anakikodolea macho choo cha paka huku machozi yanamtoka.

"Tello," akaniita, "njoo uone sisimizi."

Nikaja, nikaona. Sisimizi walikuwa wameingilia dirishani kwa mstari mmoja mpaka kwenye beseni la mchanga la Pancracio, paka wetu, na walikuwa na shughuli zao pale. Nikamwambia nitaleta dawa ya wadudu, yaishe.

Bibi akanitazama kwa huruma.

"Sisimizi hawafuati mkojo bure. Huo una sukari. Babu yako naye alianza hivihivi."

Nikacheka. Paka na kisukari wapi na wapi?

Basi tukaenda kwa daktari wa mifugo hapa mjini kwetu Atlixco, binti mmoja anaitwa Yaretzi. Akamtoboa Pancracio sikio, akapima tone la damu, kipimo kikasoma huko juu mawinguni. Kisukari. Akasema ataanza insulini, sindano asubuhi na jioni baada ya kula, na tukibahatika mwili unaweza kukaa sawa siku moja tukaacha.

Mimi kicheko kikanikauka.

Hapa niwaambie kitu ili mnielewe. Babu Crisóforo alitutoka mapema mwaka huo. Aliugua kisukari miaka mingi, na askari wake alikuwa Bibi Hermelinda. Bibi ndiye aliyemdunga sindano. Bibi ndiye aliyefukuza sukari ndani ya nyumba, hata ya kuazima kwa jirani ilikuwa haivuki kizingiti.

Na Babu alikuwa na kitu kimoja tu alichokipenda duniani kuliko sisi wote: wali wa maziwa. Mchele, maziwa, sukari, mdalasini, na zabibu kavu juu yake. Zabibu alikuwa hali, anazisogeza pembeni mwa bakuli moja moja, lakini Bibi aliziweka vilevile kwa sababu mama yake alikuwa anaziweka.

Wiki yake ya mwisho Babu aliomba kijiko kimoja cha wali ule. Bibi akamnyima. Siku chache baadaye mzee akafa.

Toka siku ile Bibi aliacha kupiga soga na watu. Soga alipiga na Pancracio tu, paka wa rangi ya chungwa aliyezoea kulala juu ya tumbo la Babu. Nilijua kabisa kwamba tukimpoteza paka huyu, Bibi hachukui muda kumfuata Babu.

Kwa hiyo sindano ile haikuwa mchezo.

Daktari alinifundisha mimi kwanza. Unavuta ngozi ya mgongoni inakuwa kama kihema kidogo, unachoma chini yake, unasukuma taratibu. Nikafanyia mazoezi kwenye chungwa, chungwa halikulalamika, nikajiona nimeiva. Nilipofika kwa Pancracio, sindano ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili, dawa yote ikamwagika kwenye manyoya. Jaribio la pili nikajichoma kidole gumba.

Bibi akaninyang'anya bomba.

"Toka hapo. Mimi nimemdunga mtu mzima anayekimbia uchi uani."

Akampandisha paka kwenye kiti cha Babu, kilekile cha pembeni ya meza. Akamwambia, "Vuta shati." Halafu, kwa kuwa paka hana shati, akamvutia ngozi mwenyewe.

"Tulia, mzee. Si kisu."

Pancracio akatulia. Wakuu, nilichoka. Maneno hayo alikuwa akimwambia Babu kila siku ya Mungu, na paka aliyapokea kama mtu aliyewahi kuyasikia.

Ndani ya friji kulikuwa bado na chupa ya insulini ya Babu. Bibi akamuuliza daktari kama tunaweza kuitumia, isiharibike bure. Daktari akasema chupa iliyofunguliwa siku zote hizo ni ya kutupa. Bibi akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akaificha nyuma ya mayai.

Ikaingia Oktoba.

Huku kwetu marehemu wanarudi nyumbani mwanzoni mwa Novemba kula walichokipenda, na watu huwaandalia meza siku chache kabla. Bibi aliandaa ya kwake Oktoba ndiyo kwanza inaanza. Nilipomuuliza haraka ya nini, akasema Babu alikuwa mtu wa kufika stendi basi lenyewe halijaoshwa.

Chumba cha mbele kikawa cha Babu. Picha yake, mishumaa, maua ya njano mpaka mlangoni, bia yake, mkate, fuvu la kichwa lililofinyangwa kwa sukari, limeandikwa "Crisóforo" kwenye paji la uso. Na katikati, bakuli la wali wa maziwa.

Bibi alifunga mlango kwa ufunguo ili mzee ale kwa faragha. Akaacha dirisha la uani wazi, maana roho lazima ipite mahali.

Asubuhi ya kwanza akafungua. Bakuli jeupe. Limekombwa.

Zimebaki zabibu tu, pembeni.

Bibi akakaa chini sakafuni. Nilidhani ameishiwa nguvu, kumbe anacheka. Miezi yote ile sikuwa nimekisikia kicheko chake.

"Amekuja," akasema. "Na bado anabagua zabibu, mshenzi yule."

Niseme nini? Sijawahi kuwa mtu wa mambo hayo, lakini zabibu zile niliziona kwa macho yangu.

Kila siku Bibi akapika wali mpya, na kila asubuhi zikabaki zabibu. Habari ikatoka nje. Obdulia, jirani yetu, ambaye marehemu mumewe hajawahi kugusa hata chungwa analowekewa mezani, alikuja kuangalia bakuli na kuondoka kanuna. Bibi akamsindikiza mpaka mlangoni akimpa pole: wa kwenu wananusa tu, wangu anamaliza.

Baadaye Obdulia akarudi na bakuli lake la wali, akaomba Babu ampelekee mumewe salamu. Bibi akapokea kama karani wa posta. Kesho yake mabakuli yote mawili yalikuwa matupu, na zabibu zimebaki.

Upande wa pili, mambo ya Pancracio yalikuwa hayaendi. Sindano anapigwa, nyama yake maalumu anakula, lakini sukari imegoma kushuka. Daktari akapandisha dozi. Sukari ikakaa palepale. Akapandisha tena.

"Hakuna kitu kingine anachokula?" akauliza.

Bibi akaapa kwa jina la mumewe. Mimi nikakumbuka ile meza, nikasema labda anaramba vitu vitamu vya marehemu. Daktari akatabasamu, akaeleza kwamba paka hasikii utamu kabisa, ulimi wake hauna habari na sukari. Mwekee keki na samaki, kwenye keki hageuki.

Basi kesi ikafungwa. Hakuna aliyemuuliza daktari paka anaonaje kuhusu maziwa.

Siku za marehemu zikafika, zikapita. Jioni ya mwisho Bibi akamuaga mumewe kwa heshima zote, akaondoa meza, chakula akagawa kwa majirani. Fuvu la sukari akakataa kumpa mtu.

Kesho yake asubuhi akamdunga Pancracio kama kawaida, dozi ileile iliyopandishwa.

Karibu na adhuhuri paka akaingia jikoni anatembea kama mlevi. Akagonga mguu wa meza. Akajaribu kuukwepa, akaugonga tena. Halafu akalala ubavu, miguu ikaanza kutetemeka.

Mimi nikawa nazunguka tu, sijui naanzia wapi. Bibi hakuzunguka.

"Sukari imeshuka. Lete sukari."

Nikafungua kabati. Maharage. Chumvi. Pilipili za kila rangi. Nyumba ya mwenye kisukari, sukari utaitoa wapi? Ya kupikia wali Bibi alikuwa akiinunua dukani ya kutosha siku hiyo tu, aliona aibu kuiweka ndani.

Nilipogeuka nikamwona amesimama mbele ya rafu, amelishika fuvu la sukari kwa mikono miwili. Akaliangalia jina. Akamwangalia paka.

Akalibamiza kwa mchi wa kutwangia pilipili, akakoroga vipande kwenye maji ya vuguvugu, akapiga magoti na kuanza kumpaka Pancracio kwenye fizi kwa kidole.

"Amka, mzee. Amka, mpuuzi wewe. Usinifanyie tena."

Alivyosema "tena", mimi nikalia. Sioni haya kusema.

Ikapita kitambo. Mtetemo ukapungua. Pancracio akafungua jicho moja, akamwangalia Bibi, akamng'ata kidole.

"Asante Mungu," Bibi akasema, "anauma."

Tukakimbia kwa daktari. Yaretzi akapima, akamtundikia maji, akahakikisha yuko salama, ndipo akatuuliza swali moja: toka jana, nyumbani kumebadilika nini?

Nikasema hakuna, tumeondoa meza tu.

Mara akili ikanijia, na nikatamani niurudishe ulimi. Meza ilikuwa na wali. Wali ulikuwa na maziwa. Dirisha lilikuwa wazi. Oktoba nzima jamaa alikuwa anashusha mabakuli ya sukari kwa ajili ya maziwa, sisi tunapandisha dawa, halafu wali umekatika na dawa imebaki juu.

Bibi alimuuliza daktari kwa sauti ndogo: paka anakula zabibu?

"Hapana, mama. Atalamba maziwa na wali. Zabibu ataziacha."

Nyumbani akamweka Pancracio kwenye kiti cha Babu, akamfunika na sweta.

"Kwa hiyo hakuja," akasema.

Kijiko alichomnyima mumewe alikuwa amekilipa kwa mabakuli, na malipo yote yaliishia kwa paka.

Pancracio alipona vizuri. Daktari alishusha dozi, na bila wali wa pembeni mwili ukaanza kukaa sawa. Katikati ya mwaka uliofuata akasema sindano basi, tuendelee kumpima tu. Paka akanenepa, akarudi kwenye dharau zake.

Bibi ndiye hakurudi. Oktoba ilipofika hakugusa maua wala mshumaa. Obdulia alipopita kuuliza kuhusu salamu za mumewe, Bibi akamwambia posta imefungwa.

Nikambembeleza. Nikaweka wavu dirishani, nikamhamishia Pancracio chumbani kwangu. Mwishowe akapika kibakuli kidogo, akakiweka mezani bila matumaini, akafunga mlango.

Mimi nilikuwa nimeshachonga ufunguo wa pili.

Asubuhi alipokwenda kanisani nikaingia. Nikakaa mbele ya picha ya Babu, nikamwomba radhi, nikala. Ulikuwa mtamu, acheni. Nikakomba mpaka bakuli likang'aa.

Bibi alirudi, akafungua, akaangalia. Jioni ile nilimsikia anaimba jikoni.

Kesho yake bakuli likawa kubwa zaidi. Keshokutwa likawa sufuria. Nikala, wakuu. Kwa ajili ya furaha ya bibi yangu nilikula wali wa maziwa mpaka suruali zikanikataa, mpaka Novemba ikaingia nikamshukuru Mungu.

Halafu kiu ikaanza. Nakunywa maji, nakojoa, narudi kwenye maji.

Asubuhi moja nikasikia Bibi ananiita kutoka bafuni. Sauti ileile.

"Tello. Njoo uone sisimizi."

Safari hii hawakuwa kwenye beseni la paka.

Alinitoboa kidole kwa kipimo cha Pancracio. Tukaenda hospitali ya watu, wakathibitisha. Daktari akasema ugonjwa huu uko kwenye ukoo, ulikuwa njiani unakuja, ila mimi niliutumia nauli. Kwa kuanzia ni insulini, baadaye tutaona vidonge.

Jioni ile Bibi akanikalisha kwenye kiti cha Babu. Pancracio akapanda juu ya friji kuangalia, na nawaapia alikuwa anafurahi.

"Vuta shati," Bibi akasema. "Tulia. Si kisu."

Akanichoma. Sikuhisi hata kidogo, mkono wake ni mwepesi. Akafuta kwa pamba, akafunika sindano, ndipo akasema bila kunitazama:

"Babu yako hakuwahi kula zabibu hata moja. Wewe ulizila zote."

Nikamtazama Pancracio kule juu ya friji.

"Ulijua toka lini, Bibi?"

"Toka bakuli la kwanza."

"Sasa mbona uliendelea kupika?"

Akanishusha shati taratibu, akalinyoosha kama ninakwenda shule.

"Kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuja."

Basi. Somo langu ni hili: paka wako akikataa kushuka sukari, mchunguze maziwa kabla hujapandisha dawa. Na ukitaka kumdanganya mjane kwa upendo, kwanza uliza mumewe alikuwa anaacha nini kwenye bakuli.