Saa Niliyoifungia Mkebeni

Kabla ya saa yangu niseme kwanza mkono wa yule mzungu niliyemkamulia ng'ombe upande wa Kaptagat. Mkono mwekundu, na juu yake saa ya dhahabu. Nikichelewa hakunitukana. Aligonga tu kioo kwa kidole, mara mbili, akaenda zake. Afadhali angetukana. Miaka tisa niligongewa kioo.

Uhuru ukaja, wazungu wakaanza kuuza, na sisi tukajiunga kununua shamba la mmoja wao. Si huyo wangu, mwingine. Shea nilikuwa nimemaliza kulipa. Ilibaki kura ya vipande: karatasi zenye namba zinatiwa kwenye kofia, kila mtu anachota, na atakayechelewa atakuta ile wenzake wameacha. Wote tulitaka mtoni. Mimi zaidi, maana mke wangu alikuwa ameteka maji mbali tangu nimuoe. Nilimwahidi, utatoka mlangoni uchote.

Mtu aliyeahidi hivyo angetulia nyumbani angoje siku. Mimi sikutulia. Katibu wa kikundi alikuwa na saa, na kila mkutano alivuta mkono wa koti aiangalie hata kama hakuna aliyeuliza. Ilinikera mpaka usingizi ukapungua. Nikauza dume langu moja, nikashuka Eldoret, wakati huo tukiita Sisibo, nikaingia kwa fundi wa saa, Mhindi mmoja mzee.

Alinitolea mbili, zote za Uswisi.

"Hii unatia ufunguo kila siku," akasema. "Hii ingine haitaki ufunguo. Inakula mkono wako. Ukitembea, inashiba."

Nikaona hayo ni maneno ya biashara. Lakini kutotia ufunguo kulinifurahisha, kama mtu mkubwa mwenye watu wa kumfanyia kazi.

"Utavaa kila siku, bwana?"

"Kila siku," nikasema. Uongo. Nilikuwa nimeshaamua ni ya mikutano na kanisa. Kitu cha dume zima nikivae kwenye kinyesi cha ng'ombe?

Nilipotoka nilipanda na kushuka barabara ya mjini mara nne nikivuta mkono wa koti. Aliyeniuliza saa ni mama mmoja wa mandazi tu, na nikamjibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo.

Jumapili niliivaa kanisani. Baada ya hapo nikaifunga kwa kitambaa, nikaitia kwenye mkebe wa majani chai. Kura ilikuwa Alhamisi, saa tatu.

Alhamisi kulikuwa na ukungu, jua halionekani kabisa. Nikaoga, nikavaa koti, nikafungua mkebe. Saa moja kamili, na ule mshale mwembamba unakimbia. Nikakaa chini.

"Baba watoto, gari la maziwa limeshapita," mke wangu akasema. Hilo gari lilikuwa likipita kwetu saa mbili kila siku.

"Dereva leo ameamka mapema."

"Hajawahi kuamka mapema tangu azaliwe."

"Mama, hii ni ya Uswisi. Niongeze chai."

Akaniongeza. Nimekunywa chai nyingi maishani, lakini hicho kikombe cha pili ndicho ninachokikumbuka.

Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nilipofika, watu walikuwa wanatoka, wanaonyeshana namba, wanacheka. Mezani kofia, ndani karatasi moja. Katibu akavuta mkono wa koti, taratibu.

"Saa nne na dakika kumi, bwana mkubwa."

Karatasi ilikuwa ya kule juu, kwenye mawe.

Kesho yake nilimwendea fundi nimefura. Akaiweka sikioni, akanirudishia.

"Haina ugonjwa. Ulikuwa umeilaza wapi?"

"Kwenye mkebe."

"Mkebe una mkono?"

Ndipo nikaelewa. Ililala njaa siku mbili, ikasimama. Nilipoinua mkebe ikaamka, ikaendelea palepale ilipoachia. Ile saa moja haikuwa ya Alhamisi.

Tangu hapo sijaivua. Nakamua nayo, nalima nayo, nikikaa sana natingisha mkono isije ikalala. Wajukuu wanadhani ni ugonjwa. Wenzangu wa kikundi walinitania miaka: "Ni saa ngapi, ya leo ama ya juzi?" Nilicheka nao, ningefanya nini.

Mke wangu alichukua mtungi akashuka mtoni, akipita shamba la watu, kila siku mpaka bomba lilipokuja, na watoto walikuwa wameshakuwa wakubwa. Mimi nilisimama kule kwenye mawe namwangalia, halafu naangalia mkono. Dakika ishirini kushuka. Thelathini na tano kupanda. Hapo saa haikukosea hata siku moja.