Masikio ya Fundi

Fundi Masikio alikuwa amechoka hata kabla hajashika bisibisi. Jina alilipata ujanani, kwa sababu gari likipita tu barabarani angekwambia linaumwa nini. Sasa, jamani, sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto linamletea uvumi tu. Hakumwambia mtu. Fundi anayerekebisha kabureta kwa sikio akikiri kwamba hasikii, nani atampa kazi tena?

Trekta lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe. Kuukuu, la petroli, limelima tangu enzi za baba yao, na siku hizo lilikuwa likikohoa na kutoa moshi mweusi.

Kazi ya mikono ilimwendea vizuri. Alifungua kabureta, akamwaga petroli yenye kutu, akapuliza kitundu cha mafuta mpaka mate yakamkauka, akatikisa boya kuona kama limeingia mafuta. Ikabaki ile skrubu ndogo ya kuchanganya hewa na petroli. Hiyo unaikaza kidogo kidogo mpaka injini iyumbe, kisha unailegeza mpaka itulie, na kutulia kwenyewe hujulikana kwa sikio.

Shemeji akapanda kitini, akawasha. Fundi akainama, akakaza, akalegeza. Akaweka kiganja kwenye madigadi apate walau mtetemo, lakini kigari kizee kama kile hutetemeka chote, utajua mtetemo upi ni wa injini? Moshi bado mweusi. Aliona aibu, akaona hasira, na zaidi ya yote akatamani kwenda kulala.

"Shemeji, kama limekushinda sema tu," shemeji alimwinamia na kupaza sauti. "Nimwite yule kijana wa mjini."

Mkewe alikuwa ameleta chai. Akaweka birika chini, akaja kusimama upande wa pili wa injini, usoni kwa mumewe. Akazungusha kidole: kaza. Fundi akamkodolea macho, kisha akakaza. Mkewe akatega sikio, akatikisa kichwa: umepitiliza. Fundi akarudisha kidogo. Kumbe miaka yote ile ya kumpelekea chakula karakanani, mwanamke alikuwa anasikiliza. Mwishowe akashusha kiganja taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Moshi ukawa mwepesi, ukaisha.

Shemeji, aliyekuwa akitazama moshi tu, akapiga usukani kwa furaha. "Masikio hayo, shemeji, utazikwa nayo!"

Fundi akacheka kwa kuwa alimwona mwenzake anacheka.

Wakati wa kurudi nyumbani mkewe alitangulia, birika mkononi, anaongea. Fundi nyuma anaitikia "ehe, ehe," kama alivyozoea. Mkewe akasimama. Akageuka, akamngoja amfikie, akayarudia maneno polepole, akimtazama machoni.

"Baba watoto, nimesema hivi: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuanzia kesho tunakwenda kazini wote wawili."

Fundi alimpokea birika, na safari hii wakatembea sambamba, yeye akimweka mkewe upande wa kushoto.